Yule msichana wa Stranger Things hafundishi uchawi

Mhariri,

Wiki jana mlichapisha barua ya mzazi mmoja wa Kongowea aliyetaka tamthilia ya Stranger Things ipigwe marufuku majumbani, kwa hoja kwamba inawafundisha watoto wetu uchawi na kuwazoesha majini. Naomba nafasi nimjibu. Namjibu kwa heshima, maana hofu yake naijua, na barua yake haikuwa na tusi. Lakini tamthilia hiyo nimeitazama mwanzo hadi mwisho pamoja na wajukuu wangu hapa Kibokoni, na kabla ya kustaafu nilikuwa matroni wa bweni la wasichana katika shule moja ya huku kwetu Pwani. Mambo haya mawili, tamthilia na bweni, yameingiana moyoni mwangu hata siwezi tena kulizungumza moja bila jingine.

Kwa wasioijua, ni hadithi iliyotungwa na ndugu wawili mapacha wa Marekani, Matt na Ross Duffer. Ilianza kuonyeshwa Netflix Julai 15, 2016 na imekwisha baada ya misimu mitano yenye sehemu 42. Ya mwisho ilitoka Desemba 31, 2025 kwa saa za Marekani, ambapo huku ilikuwa saa kumi alfajiri ya Januari mosi, na wajukuu zangu walikuwa macho kabla ya muadhini. Mahali ni mji wa kubuni uitwao Hawkins, jimbo la Indiana, mwaka 1983. Usiku wa Novemba 6, mtoto wa kiume aitwaye Will anapotea akirudi kwao kwa baiskeli kutoka nyumbani kwa rafiki yake. Wenzake wanapokwenda kumtafuta msituni mvua ikinyesha, hawamwoni Will, wanamwona msichana wa rika lao, kichwa kimenyolewa, katoroka kutoka maabara ya serikali. Kwenye mkono kachanjwa nambari 011. Jina hana. Anaitwa kwa nambari yake, Eleven.

Msichana huyo anaweza kusukuma gari kwa akili, kufunga mlango bila kuugusa, na kumsikia mtu aliye mbali kana kwamba wamekaa chumba kimoja. Kila akifanya hivyo damu humtoka puani na huchoka hata asiweze kusimama. Aliyeigiza ni Millie Bobby Brown, mzaliwa wa 2004, na katika msimu wa kwanza alipewa maneno machache mno. Kazi kubwa aliifanya kwa macho.

Mzazi wa Kongowea aliuliza nguvu hizo zimetoka kwa nani kama si kwa shetani. Swali zuri, na tamthilia yenyewe imelijibu. Mama mzazi wa Eleven, Terry Ives, alikuwa mwanafunzi wa chuo aliyelipwa vijisenti ili afanyiwe majaribio. Alinyweshwa madawa ya kuvuruga akili, akalazwa ndani ya matangi ya maji gizani, naye hakujua kwamba ni mjamzito. Mtoto alipozaliwa alichukuliwa, na mama akaambiwa mimba iliharibika. Alipokwenda kumdai mwanawe, walimpiga umeme wa kichwani hata akabaki kwenye kiti akirudia maneno yaleyale mchana kutwa. Hakuna mganga hapo wala tunguri. Kuna madaktari wenye makoti meupe na fedha za serikali.

Na msingi wa jambo hilo haukubuniwa na ndugu wale. Shirika la ujasusi la Marekani, CIA, lilianzisha mpango wa siri ulioitwa MKUltra mwaka 1953, chini ya mkemia Sidney Gottlieb. Watu walipewa LSD na madawa mengine, baadhi yao bila kujua, katika hospitali, vyuo na magereza, ili ionekane kama akili ya binadamu inaweza kutawaliwa. Mwaka 1973 mkuu wa CIA wakati huo, Richard Helms, aliamuru majalada ya mpango huo yateketezwe. Habari zilifichuka mwaka 1975, na mwaka 1977 Seneti yao ikasikiliza ushahidi hadharani. Nguvu za kusukuma gari ni hadithi. Watu wazima kumgeuza binadamu chombo chao ni historia, na ndiyo maana tamthilia hii hunikereketa hata pale zimwi lake lisilo na uso linapoacha kunitisha.

Naomba mzazi mwenzangu aitazame tena sehemu ya kwanza, pale msichana anapoingia mgahawa wa mtu aitwaye Benny. Ana njaa, anakwapua vibanzi jikoni, anakamatwa. Benny hampigi. Anamkalisha, anampa chakula ale, anamuuliza mambo mawili matatu kwa sauti ya baba, kisha anapiga simu kwa watu wa ustawi wa jamii waje wamsaidie. Mwanamke anayekuja ni wa maabara. Anatabasamu mlangoni, anajitambulisha kwa adabu, na kumpiga Benny risasi palepale. Mjukuu wangu mkubwa aliniuliza, "Nyanya, amekosa nini?" Nilimwambia hakukosa kitu. Mazungumzo yaliyofuata baina yetu usiku ule, juu ya nani wa kuaminiwa na nani anajifanya, hayajawahi kuletwa nyumbani kwangu na somo lolote la darasani.

Sasa nije kwenye bweni, maana huko ndiko ninakotaka kufika.

Kila aliyefanya kazi katika shule za wasichana Pwani anayajua mambo ya kupagawa. Huanza na mmoja, mara nyingi muhula wa pili, mitihani ya mwigo ikikaribia. Mwaka mmoja aliyeanza kwetu alikuwa msichana wa kidato cha pili, kitanda cha juu karibu na dirisha. Baba yake alikuwa amefariki mwanzo wa mwaka, karo haijalipwa, na alikuwa karibu kurudishwa nyumbani. Alikuja mlangoni kwangu jioni kadhaa kuomba dawa ya kichwa. Alisema halali, na akifumba macho anamwona babake amesimama penye lango la shule, haingii. Nilimpa dawa, nikamkalisha, nikaenda kumwambia mkuu wa shule kwamba mtoto huyu anamhitaji mamake kabla ya kitu kingine. Niliambiwa shule si nyumba ya matanga.

Siku ya tatu ya juma lilelile akaanguka wakati wa masomo ya jioni. Alipiga ukelele mmoja mrefu, mwili ukakakamaa, macho yakageuka meupe. Aliyeketi pembeni yake akaanguka, kisha dawati la nyuma, kisha darasa la pili. Kufika Isha mabawabu waliitwa kusaidia kubeba, wasichana wamelazwa ukumbini juu ya leso zao, wengine wakilia, wengine wakicheka, mmoja akipiga visigino sakafuni hata vikachubuka.

Akaitwa fundi, mganga wa kupunga majini. Chetezo kikafukizwa ubani, ukumbi mzima ukajaa moshi, na wale waliokuwa na pumu wakazidi kuhangaika. Fundi akamwinamia yule wa dirishani akauliza kwa ukali, "Weye nani? Watoka wapi? Wataka nini?" Sauti nzito ikatoka kifuani mwa mtoto yule: "Nataka kwetu. Nataka mama. Hapa sitaki." Niliyasikia kwa masikio yangu, nimemshika miguu. Fundi akageuka akatuambia ni jini wa baharini, anataka leso nyekundu, marashi na halua. Vikanunuliwa usiku uleule.

Mhariri, mimi ni Mwislamu. Majini yamo katika Qur'ani, sura ya 72 imepewa jina lao, na sibishani na mtu kuhusu kuwapo kwao. Ninachokataa ni kila msichana anayeanguka kuambiwa ana jini, na jini huyo kusikilizwa kuliko msichana. Usiku ule jini aliulizwa jina, kwao na haja yake. Msichana hakuulizwa. Na hata jini lilipojibu jibu la msichana, waziwazi, mbele ya walimu, halikusikika.

Wiki iliyofuata alirudishwa kwao kwa barua iliyosema uwepo wake unahatarisha wenzake. Sanduku lake la bati nililifunga mimi. Wasichana aliolala nao chumba kimoja walikuwa tayari wanamwita mchawi, na hawakutaka kugusa hata ndoo yake ya maji. Hakurudi tena, na sijui hadi leo alikomalizia masomo yake, kama aliyamaliza.

Mambo haya si ya kwetu peke yetu wala si ya jana. Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana huko Kashasha, karibu na Bukoba, Tanganyika, wasichana watatu walianza kucheka wasiweze kujizuia. Kicheko kikaenea, na kilio nacho, hata kufikia katikati ya Machi wasichana 95 kati ya 159 walikuwa wameathirika na shule ikafungwa. Madaktari wawili walioandika juu yake mwaka 1963 walipima damu, wakachunguza chakula, wasikute sumu wala ugonjwa wa kuambukiza. Walimu wao hawakupatwa hata mmoja. Waliopatwa walikuwa wasichana wenyewe, walio mbali na makwao, chini ya sheria kali. Mimi nimesoma habari hiyo mara nyingi, na kila mara naona ule ukumbi wetu.

Ndiyo sababu msimu wa nne wa tamthilia, uliotoka 2022, ulinikalisha kimya. Humo kuna adui aitwaye Vecna anayewawinda vijana wa shule. Hamchukui yeyote tu. Humchukua aliyefiwa akanyamaza, anayejilaumu kwa kifo cha ndugu, anayeumizwa kwao. Kabla hajawachukua huwa na dalili: kichwa kuuma siku nyingi, damu puani, usingizi wa majinamizi. Msichana mmoja, Max, ambaye kaka yake wa kambo amefariki, anaingia ofisi ya mshauri wa shule, anapekua mafaili, na kugundua kwamba waliokufa walikuwa wamekwenda kulalamika dalili hizohizo. Zilikuwa zimeandikwa. Karatasi zilikuwa kabatini. Nani huku kwetu hajui kabati hilo? Mimi nilikuwa na daftari la dawa lililoandikwa jina, siku na malalamiko ya kila msichana aliyebisha mlango wangu, na kabla ya kila mlipuko wa kupagawa, aliyeanza alikuwa ameshaandikwa humo.

Katika msimu huohuo watu wa Hawkins wanafanya lile hasa ambalo barua ya Kongowea inataka tufanye. Vijana wanapokufa, mji unamtafuta wa kulaumiwa. Unampata Eddie, kijana mwenye nywele ndefu anayecheza mchezo wa kubuni mazimwi mezani na wenzake, na ukumbi mzima wa wazazi unaondoka na silaha kumsaka mtumishi wa shetani. Hiyo nayo ina ukweli ndani yake. Marekani ya miaka ya 1980 ilikuwa na hofu kubwa ya aina hiyo, na mchezo ule, Dungeons & Dragons, ulishutumiwa makanisani na kwenye televisheni kuwa mlango wa uchawi. Eddie hana hatia, naye anakufa akiutetea mji uleule unaomsaka. Wajukuu zangu walilia. Walilia kwa sababu mtu alidhulumiwa, na mimi sioni kama kijana anayelilia dhuluma ameharibiwa na alichokitazama.

Kuna onyesho moja dogo katika sehemu ya pili ambalo ningetamani kila mwalimu wa zamu alione. Mike, yule kijana aliyempeleka Eleven kwao, anampa nguo kavu avae. Msichana hajui haya ya kuvua nguo mbele ya watu, maana hakufundishwa. Mike anamwonyesha choo, anataka kufunga mlango, naye anauzuia kwa mkono. Hataki ufungwe. Mtazamaji bado hajajua kwamba kule maabara, alipokataa kumuua paka kwa akili yake, alifungiwa chumba chenye giza. Mike naye hajui. Anauliza tu kama anataka ubaki wazi kidogo, anauacha na mwanya, basi. Kijana wa miaka kumi na miwili hajadai maelezo. Kisha anamjengea kibanda cha mablanketi chini ya meza, anamuuliza jina lake, na anapoonyeshwa nambari mkononi, anaifupisha kuwa El ili awe na cha kuitwa.

Baadaye polisi Hopper anamchukua kibandani kwake msituni, anampa sheria ambazo nyingine naziona kali kupita kiasi, wanagombana, vioo vinavunjika kwa hasira zake, na bado mwishowe mtoto anapatiwa cheti cha kuzaliwa chenye jina Jane Hopper. Ubini! Mwanamke yeyote wa Pwani aliyewahi kuhangaika ofisi kwa ofisi kutafuta cheti cha mtoto ataelewa kwa nini nilipiga makofi peke yangu sebuleni.

Sisemi kila kitu humo ni chema. Marekani wameipa alama ya TV-14, yaani haifai walio chini ya miaka 14, na kwa msimu wa nne mimi ningepandisha zaidi, maana jinsi Vecna anavyovunja viungo vya watoto wale si jambo la kuonyesha mtoto wa shule ya msingi. Mjukuu wangu mdogo haruhusiwi kuitazama na analalamika kila Ijumaa. Lugha yao ina matusi. Msimu wa tatu, na Warusi waliojificha chini ya duka kubwa, haukunigusa, ulipita nikishona mapindo ya nguo. Lakini mzazi anayetaka kumlinda mwanawe na aketi naye kwenye mkeka atazame, asimame pale penye kusimama, aulize. Simu ziko mikononi mwao. Ukizima televisheni ya sebuleni ataitazama chooni kwa simu ya mwenzake, akiwa peke yake, bila mtu wa kumwambia kwamba Benny hakukosa kitu.

Ombi langu kwa gazeti lenu ni dogo. Mna kurasa za mpira kila siku na kurasa za siasa zisizokwisha. Tengeni safu moja kwa wiki ya kuwaeleza wazazi kwa Kiswahili tamthilia ambazo vijana wanazitazama: inahusu nini, inafaa umri gani, penye vitisho ni wapi, na mzazi aulize nini ikiisha. Aandike aliyeitazama, si aliyeisikia.

Kwa wakuu wa shule zetu za bweni nina ombi zito zaidi. Msichana anapoanguka, aliyemtangulia kumwona ni matroni. Muulizeni yeye na daftari lake kabla hamjaulizana nani anamjua fundi. Mpigieni simu mama wa mtoto usiku uleule. Watenganisheni walioanguka wasitazamane, fungueni madirisha, wapeni maji, na mjue nani ana kifafa na nani ana pumu kabla ya kufukiza moshi wowote. Na msimwandikie mtoto barua ya kumfukuza kwa sababu ya ugonjwa wa hofu ambao shule nzima imeushiriki.

Na kwa vijana wenye kamera hapa Mombasa, ambao nawaona kila jioni Mama Ngina na kwenye vichochoro vya Mji wa Kale wakirekodi nyimbo za harusi na matangazo ya mahoteli: tungeni yetu. Msichana wa kidato cha pili, kitanda cha juu, mwenye kitu ndani yake ambacho hakuna anayekielewa. Mpeni nguvu mnazotaka, hata azime taa za kisiwa chote kwa kufumba macho. Nina sharti moja, kwamba katika sehemu ya mwisho asije fundi na chetezo akawamalizia kazi waandishi. Mimi niko tayari kukaa nao barazani niwasimulie niliyoyaona, bweni kwa bweni, kwa muda wowote watakaohitaji, majina ya wasichana yakibaki kwangu.

Matroni mstaafu,
Kibokoni, Mombasa